Siku moja maishani mwangu: mizunguko 23 ya upinde wa mvua

Saa 11:00 alfajiri

Mvua ilianza kupiga bati saa nane usiku, ikatulia adhana ya alfajiri ilipolia kwa mbali, kisha ikarudi na nguvu mpya. Ni mwezi wa nne, na huku kwetu Ngaramtoni, chini ya Mlima Meru, masika yakiamua kukaa yanakaa kweli. Nikawasha jiko, nikabandika chai, na maji hayajachemka nilikuwa nimeshafunua kanga niliyoifunikia kola.

Kwa asiyeijua, kola ya Kimasai ni lile duara bapa la shanga linalokaa mabegani, linalorukaruka mama anapocheza. Shanga zinatungwa kwenye waya, kila mzunguko na waya wake, halafu mizunguko yote inashikwa pamoja na vipande vyembamba vya ngozi vilivyotobolewa matundu. Siku hizi wengi hutumia plastiki ya dumu, lakini mimi hii ya leo nimeiwekea ngozi. Itakuwa na mizunguko 23. Wa ndani kabisa una sentimita 42, na hapo zinaingia shanga kama 270 za namba kumi. Ukitoka nje mzunguko mmoja unaongeza tisa au kumi. Jumlisha mpaka wa mwisho unapata zaidi ya shanga 8,600, na kila moja imepita kwenye vidole vyangu.

Aliyeiagiza ni mama mmoja wa Moshi. Binti yake amemaliza matibabu ya mwaka mmoja na nusu. Siku waliporuhusiwa kurudi nyumbani walipanda basi jioni, mvua imenyesha na jua linazama, na dirishani wakauona upinde wa mvua umesimama barabara nzima. Aliniambia kwenye simu: "Dada yangu, hospitali sikulia hata siku moja. Nilikuja kulia ndani ya basi." Jumapili wana ibada ya shukrani, na anataka binti aingie kanisani amevaa upinde ule. Kwa hiyo kola lazima ipande basi kesho asubuhi.

Nimefanya kazi ya shanga miaka kumi na miwili, nimetengeneza kola za bibi harusi, bangili za watalii, mikanda, hata kola za mbwa. Agizo kama hili sikuwahi kupata. Wiki nzima nimekuwa nikiota rangi.

Saa 12:30 asubuhi

Chai, viazi vitamu vya jana, sare za shule ambazo hazikukauka vizuri. Mwanangu wa darasa la saba aliondoka na mfuko wa plastiki kichwani, mdogo wake na mwavuli uliovunjika mbavu mbili.

Yeyo akatoka chumbani kwake. Ndiye mama mkwe wangu, mama wa Kiarusha, na ndiye aliyenifundisha kazi hii. Mimi ni Mpare, nilikuja kwao sijui hata kushika sindano ya shanga. Akanisalimu, "Takwenya," nikaitikia, "Iko," akasogea moja kwa moja mezani. Macho yake hayaoni karibu siku hizi, lakini mbali anaona kuliko mimi. Akarudi nyuma mpaka mlangoni, akaitazama kola kutoka pale.

Mpaka jana usiku nilikuwa nimemaliza mizunguko kumi: mmoja mweupe wa ndani, mitatu ya zambarau, mitatu ya nili, ile buluu iliyokolea, mitatu ya buluu. Huo mweupe haukuwa kwenye mpango wangu. Yeyo ndiye aliyeng'ang'ania: "Ndani weka nyeupe." Nikamwambia upinde wa mvua hauna rangi nyeupe. Akajibu, "Ndani weka nyeupe," kwa sauti ileile. Nikaweka, maana kola zetu nyingi zina nyeupe mahali fulani, nikadhani ni mazoea tu.

Pale mlangoni alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema neno moja la Kiswahili: "Zimelala."

Nilijua alichomaanisha. Nikatoka nje nikatazama upande wa Monduli, maana asubuhi upinde ukitokea hutokea magharibi, mkabala na jua. Kulikuwa na wingu zito peke yake.

Saa 2:15

Daladala ya kwenda mjini imejaa, vioo vina ukungu, kila mtu ananuka mvua. Shanga za rangi ya machungwa nilizokuwa nazo hazikutosha. Nikafumba macho nikawa nahesabu shanga kichwani hadi tulipofika.

Saa 3:00

Duka ninalonunua shanga liko karibu na Soko Kuu. Ni chumba chembamba, kuta zote zimejaa mabunda yaliyoning'inizwa kama mahindi ya mbegu. Ukiwa na huzuni ingia humo. Nasema kwa dhati. Nimewahi kuingia nikiwa na msiba wa mama yangu wa siku tisa, nikakaa kwenye kigoda nusu saa bila kununua kitu, na mwenye duka hakuniuliza.

Shanga bora tunazotumia hutoka Cheki, hasa mji wa Jablonec ambako wametengeneza vioo na shanga kwa karne nyingi. Ukubwa unasomwa kinyume na unavyodhania: namba ikipanda ushanga unapungua, kwa hiyo namba kumi na moja ni ndogo kuliko namba kumi. Ninapenda za Cheki kwa sababu zinalingana. Ukichanganya nene na nyembamba kwenye mzunguko mmoja, waya unayumba na kola haitulii begani.

Watu hudhani shanga hizi ziliota huku. Wamasai walijipamba kwa mbegu, mifupa, madini na makombe kabla ya kioo kuenea. Shanga za kioo zilipanda kutoka pwani na misafara. Karne ya 19 msafara uliotoka Bagamoyo ulipaswa kujua bara wanapenda rangi gani mwaka ule, kwa sababu ukifika na rangi isiyotakiwa hupati hata chakula. Shanga nyekundu zilizoitwa samesame zilifungua njia nyingi. Ninapenda kulikumbuka hilo. Mwanamke aliyekaa mlangoni kwake bara, akagusa shanga, akasema hii sitaki, ndiye aliyeamua nini kiwekwe kwenye makasha Unguja na hata kipi kiyeyushwe Venisi na Bohemia. Jicho lake lilikuwa na nguvu ya soko.

Nilichukua mabunda matatu ya machungwa nikayapeleka mlangoni kwenye mwanga wa mchana. Chini ya taa ya duka yote yanafanana. Nje, moja lilikuwa limekaribia mno nyekundu, la pili limepauka kama embe bichi. La tatu lilisimama katikati ya manjano na nyekundu bila kuegemea upande. Nikachukua hilo.

"Na zambarau, mama?" akaniuliza mwenye duka.

"Ninayo, kaka. Nimeijaribu."

Zambarau ni rangi ya kuogopa. Rangi nyingine nyingi ziko ndani ya kioo chenyewe, lakini zambarau na waridi nyingi zimepakwa juu tu. Miaka mitano iliyopita niliuza bangili hamsini za zambarau nilizonunua kwa bei nzuri kwa muuzaji wa kupita. Wiki mbili baadaye mteja akanitumia picha ya mkono wake: jasho limetoa rangi yote, shanga zimebaki za kijivu. Nilirudisha pesa za watu mpaka ada ya shule ikayumba. Tangu hapo kila zambarau mpya nazichovya punje kumi kwenye dawa ya kutolea rangi ya kucha, nyingine kumi naziweka kwenye jua juu ya bati wiki mbili. Zikibaki na rangi yake ndiyo naanza kazi. Upinde utakaovaliwa na mtoto aliyepona hauwezi kupauka.

Saa 4:45

Nimerudi. Mvua imekatika, jua limetoka ghafla, kali, lile la baada ya mvua linalochoma masikio. Jirani yangu anayenisaidia alikuwa ameshafika, ameketi na Yeyo, wanachagua shanga zilizovunjika na kuzitupa kwenye kopo.

Nikaisimamisha kola juu ya sufuria iliyogeuzwa nikarudi nyuma hadi mlangoni, pale aliposimama Yeyo asubuhi. Akawa sahihi. Mezani ilionekana nzuri, lakini hatua tano nyuma nili na buluu zilishikana zikawa kitu kimoja kizito, na zambarau ikawa kama mstari wa uchafu. Na pale rangi moja ilipoachana na nyingine palikuwa na mkato mkali, kama mistari ya daftari.

"Ziamshe," Yeyo akasema. Kwake dawa inajulikana: kati ya rangi na rangi pitisha nyeupe. Ndivyo kazi ya Kimasai ilivyo. Rangi haikai na ndugu yake, inakaa na mgeni wake. Nyekundu inawekwa karibu na kijani, buluu karibu na machungwa, halafu nyeupe au nyeusi inakata katikati ili kila moja isikike. Yeyo husema ng'ombe mwenye rangi moja anapotea kundini, jicho halimshiki. Anayependeza ni mwenye mabaka.

Na upinde wa mvua unafanya kinyume kabisa. Nyekundu imelala ubavuni mwa machungwa, machungwa ubavuni mwa manjano, kila rangi imekaa na ndugu yake wa karibu. Nikimpa nyeupe katikati mama wa Moshi atapata kola nzuri ya Kimasai yenye rangi saba. Upinde alioulilia kwenye basi hataupata.

Tukabishana. Kwa heshima, lakini tukabishana. Jirani akawa anatazama chini, anachagua vipande vya shanga kana kwamba ni dhahabu.

Saa 5:20

Nilitoka nje kupoza kichwa, nikasimama kwenye kiunga cha maharage nyuma ya nyumba, jua mgongoni. Hapo ndipo siku ilipogeuka.

Majani yote yalikuwa na matone. Hatua chache mbele yangu, chini, tone moja liliwaka kijani. Nikasogeza kichwa kidogo tu, likawa manjano. Nikasogeza tena, likawa jekundu kama kaa la moto, kisha likazimika. Tone lilelile. Nikachuchumaa nikainuka kama mtoto. La pembeni yake lilikuwa buluu nilipokuwa nimesimama, jirani yake kijani. Kila tone lilinipa rangi moja tu kwa wakati mmoja.

Nilikuwa nimesoma habari za upinde tangu nilipopokea agizo, usiku, kwenye simu, watoto wakiwa wamelala. Nilijua kwamba mwanga wa jua unaingia kwenye tone, unapinda, unagonga ukuta wa nyuma, unarudi na kupinda tena ukitoka, na kila rangi hutoka kwa pembe yake. Nyekundu hutufikia kwa nyuzi kama 42 kutoka kwenye mstari wa kivuli cha kichwa chako, zambarau kwa nyuzi kama 40. Ndiyo maana huku kwetu jua la mchana halileti upinde angani: likipanda juu ya nyuzi 42, duara zima linashuka chini ya upeo. Kwetu hilo hutokea kama saa tatu na nusu asubuhi, na angani hauwezi kurudi mpaka inapokaribia saa kumi. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba saa tano upinde uko miguuni, kwenye maharage.

Na nilikuwa nimesoma habari za Kamal al-Din al-Farisi, mwanachuoni wa Uajemi aliyeishi zaidi ya miaka 700 iliyopita. Alitaka kujua kinachotokea ndani ya tone la mvua, na tone ni dogo mno kulichungulia. Akachukua tufe la kioo akalijaza maji, akaliweka penye giza, akaruhusu mwanga kidogo upite, akafuatilia mwanga ule hatua kwa hatua. Ushanga mkubwa wa kioo uliojaa maji! Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni habari ya kupendeza. Pale kwenye maharage ikawa yangu.

Kwa sababu upinde wa mvua ni kazi ya shanga. Haujapakwa kwa brashi. Ni matone yasiyohesabika, kila moja linakuletea rangi moja, na jicho lako ndilo linaloyatunga. Na kama ni hivyo, hakuna pale ambapo matone ya kijani yanaisha kwa amri na ya manjano yanaanza. Yanaingiliana. Mimi nilikuwa nimeweka mipaka kama ya mashamba.

Nikarudi ndani mbio, matope mpaka kwenye vifundo.

Saa 6:00 mchana

Nikakata waya. Mizunguko saba niliifumua, kuanzia wa nne, nikabakiza mweupe na miwili ya zambarau. Jirani alishika mdomo. Hizo ni shanga zaidi ya 2,200 zikarudi bakulini, na basi ni kesho saa kumi na mbili na nusu.

Mpango mpya ni huu. Kila rangi bado ina mizunguko mitatu. Wa katikati ni safi. Wa mpakani unachanganya: zambarau mbili nili moja, unafuata nili mbili zambarau moja, kisha nili tupu. Halafu nili mbili buluu moja, na kuendelea hivyo hadi nyekundu. Shanga za kuchanganya hazitakiwi kupangana juu ya zenzao, la sivyo mistari inajitokeza kama ngazi, kwa hiyo kila mzunguko unaanza na punje tofauti. Na nili nikaibadilisha. Ile ya kwanza ilikuwa nzito, isiyopitisha mwanga. Nikachukua ya kioo angavu yenye giza kidogo ndani, ili karibu na buluu iwe na kina chake.

Tukagawana. Jirani akachukua mizunguko safi, anaweza kutunga haraka kuliko mtu yeyote ninayemjua, anachota shanga bakulini kwa ncha ya waya na zinapanda zenyewe. Mimi nikachukua ya kuchanganya, ambayo huwezi kuchota, unahesabu. Mbili, moja. Mbili, moja. Yeyo alikaa karibu yangu akawa anagusa kila mzunguko kwa kidole gumba akitafuta ushanga mnene uliojipenyeza. Alipata sita. Macho yangu hayakuona hata mmoja.

Chakula cha mchana tulikula kwa zamu, makande yaliyobaki, mkono mmoja umeshika waya.

Saa 9:30

Wanangu wamerudi. Mkubwa akanawa mikono bila kuambiwa, jambo ambalo hutokea akitaka kukaa karibu na shanga. Nikampa kazi ya kupima vipande vya ngozi.

"Mama, kwa nini ni rangi saba?"

Nikamwambia kwamba Isaac Newton ndiye aliyezihesabu saba, na kwamba alipenda zilingane na noti za muziki. Angani zenyewe hazina namba, ni sisi tunaokata. Akafikiri. Akauliza, kwa hiyo kati ya kijani na manjano kuna rangi ambayo haina jina? Nikamwonyesha mzunguko niliokuwa naufanya, kijani mbili manjano moja. "Hii hapa," nikamwambia, na akaunyanyua juu kwenye dirisha akautazama kwa muda.

Yeyo akamwita, akamwambia kwa Kimasai kitu ambacho alinitafsiria baadaye: kwamba Mungu wao ni Enkai, na neno hilohilo ni mbingu, na neno hilohilo ni mvua. Mtoto akasema basi huwezi kuomba mvua bila kuita Mungu. Yeyo akacheka, akampiga begani kidogo.

Nikaendelea. Manjano. Manjano mbili, machungwa moja. Lile bunda la asubuhi lilikaa mahali pake kama lilizaliwa hapo. Nyekundu ikaanza saa kumi na robo, na kufikia hapo mgongo ulikuwa umekufa ganzi na kidole cha shahada kina tundu dogo la waya linalotoa damu. Nikakifunga kitambaa nikaendelea.

Saa 11:25 jioni

Mzunguko wa 22 ulikuwa umekaa. Umebaki mmoja, wa nje kabisa, na sikuwa na uamuzi. Nilikuwa nimetenga shanga za dhahabu, kwa sababu ni shukrani, na dhahabu ni ya sherehe.

Mara mvua ikapita. Nyepesi, ya dakika chache, huku jua likiwa limeshaegemea Monduli na linatupiga usoni kupitia mlango. Mtoto mdogo akapiga kelele nje.

Tulitoka wote, hata Yeyo na fimbo yake.

Ulisimama mashariki, mzima. Mguu wa kushoto umekanyaga bega la Meru, wa kulia umeshuka kule mjini, upande wa Njiro. Nyekundu juu, zambarau ndani, na wa pili hafifu juu yake wenye rangi zilizogeuzwa, nyekundu yake ikitazama chini. Barabarani bodaboda mmoja alisimamisha pikipiki akavua kofia yake. Niliwaza juu ya yule mama kwenye basi. Niliwaza juu ya agano la Nuhu, ambalo bibi yangu kule Same alikuwa akitusomea kila masika, akitafuta ukurasa kwa kidole ingawa alikuwa anaujua kwa moyo.

Kisha jicho la kazi likaamka. Mipaka. Hakukuwa na mpaka hata mmoja. Kijani iliingia kwenye manjano kama tulivyoifanya mezani, na moyo ukatulia.

Yeyo akanishika mkono. "Tazama ndani," akasema.

Nikatazama. Chini ya upinde, ndani ya duara lake, anga ilikuwa nyeupe. Si rangi ya wingu la pembeni. Ilikuwa inang'aa, kama maziwa yaliyowekewa taa nyuma. Na nje ya upinde, kati yake na ule wa pili, anga ilikuwa nyeusi, nzito, rangi ya sufuria. Miaka yote nimetazama upinde wa mvua, nimetazama rangi. Sikuwahi kuangalia kinachozizunguka. Sasa najua sababu: matone yaliyo ndani ya duara yanarudisha mwanga wa rangi zote pamoja, nao ukichanganyika unakuwa mweupe. Yaliyo nje kidogo hayakurudishii kitu, kwa hiyo kuna giza.

Yeyo ametazama mvua ikija kwa ng'ombe wake zaidi ya miaka sabini. Hakuhitaji simu.

"Yeyo, nje nyeusi?" nikamuuliza.

"Nje nyeusi."

Saa 12:40

Shanga za dhahabu zikarudi kwenye mfuko. Mzunguko wa 23, shanga 480 hivi, nyeusi ya mkaa yenye mng'ao. Umeme ukakatika tulipokuwa theluthi ya mwisho, mtoto akashika tochi ya simu bila kuyumba, robo saa nzima. Nikakaza ncha za waya, nikazikunja ndani ya ngozi zisimkwaruze mtoto shingoni, nikafunga kifungo.

Nikaiweka juu ya sufuria iliyogeuzwa, nikarudi hadi mlangoni. Yeyo alikuwa tayari amesimama pale. Mtoto akaipitishia tochi kutoka upande mmoja hadi mwingine, na nili ikawaka kwa ndani.

Jirani nikampa malipo yake na nusu ya siku ya ziada. Akavaa kola ile dakika moja kwa ruhusa yangu, akajitazama kwenye kioo cha kabati kwa mwanga wa simu, akaivua polepole kwa mikono miwili.

Saa 2:30 usiku

Nimeifunga kwenye kitambaa cha pamba, nimeiweka ndani ya boksi la viatu na gazeti pembeni ili isicheze. Picha nimeshatuma. Simu ikaita kabla sijamaliza kuoga.

Mama wa Moshi hakuongea mwanzoni, nikasikia tu watu wakizungumza nyuma yake na sauti ya binti ikisema nione, nione. Halafu akauliza kuhusu nauli ya mzigo, akauliza basi gani, akauliza kama binti anaweza kuivaa juu ya gauni jeupe. Nikamjibu yote.

"Dada, na hii nyeupe ya ndani ina maana gani?"

Nikampa Yeyo simu.